Sakafu ya Gari la Mjomba Mwinyi

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hainitoki. Mjomba wa mume wangu aliingia uani kwetu, mtaa wa Shika Adabu huku Likoni, akitembea mbele ya gari lake mwenyewe, na nyuma yake vijana wa mtaa wakilisukuma. Ndani hamkuwa na mtu. Kijana mmoja alikuwa ameingiza mkono dirishani kushika usukani, lakini hakuna aliyethubutu kukaa.

Nilikuwa nafua. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikajifunga leso vizuri, nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo yupo?"

"Yupo ndani, amelala."

"Basi mwache. Sikumjia yeye. Banda langu lavuja, nataka mahali pa kuliweka gari mpaka mvua zipite."

Banda la Mjomba Mwinyi halikuwa likivuja. Nililijua banda lile, na yeye alijua kwamba nalijua. Nikatazama chini nikasema, "Karibu, Mjomba, ua ni wako."

Ngoja nikueleze habari ya gari lenyewe. Lilikuwa la zamani hata kwa siku zile, na siku zile ninazozisema Mwingereza alikuwa bado anatawala, habari za uhuru tukizisikia kwa minong'ono tu. Lilikuwa na pua ndefu na taa mbili zilizotokeza nje kama macho ya kaa. Mjomba alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na tangu hapo likawa gari la mtaa mzima. Mgonjwa akizidiwa, mja mzito akishikwa na uchungu, watu walimwendea Mjomba Mwinyi. Naye hakuwahi kuuliza ni mtoto wa nani wala mke wa nani. Atatoka na kikoi chake kiunoni, atie moto gari, ampeleke mtu mpaka feri avushwe kwenda hospitali.

Kila asubuhi alilipangusa gari hilo mpaka likang'aa. Lakini alipangusa juu. Chini hakuinama hata mara moja, na huko chini hewa ya chumvi ilikuwa inalila polepole, mwaka baada ya mwaka. Siku moja alikuwa amembeba jirani yetu, Mwanahalima, tumbo limefika, uchungu umeshika. Walipokaribia mteremko wa feri, sakafu ikakatika chini ya miguu ya Mwanahalima. Mguu mmoja ukapita mpaka barabarani. Mungu saidia, Mjomba alikuwa anakwenda taratibu, akakanyaga breki upesi. Mwanahalima alichubuka, akavushwa, akajifungua salama. Lakini Mjomba alirudi nyumbani akiwa hana rangi usoni, na akaapa hampandishi tena mwanadamu ndani ya gari lile. Mafundi wa mjini walipolichungulia walicheka, wakamwambia aliuze kama vyuma chakavu. Siku chache baadaye mama mwingine alichukuliwa kwa kitanda, wanaume wakipokezana miguu ya kitanda, na mtoto akazaliwa njiani kabla hawajaiona bahari.

Sasa utaniuliza, mbona Mjomba alilileta gari kwetu? Alilileta kwa sababu ya mume wangu.

Mume wangu Bakari alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Changamwe. Kazi yake ilikuwa kushika tochi ya gesi mkono wa kulia na waya wa kuchomelea mkono wa kushoto, na kuunganisha vyuma viwili viwe kimoja. Aliipenda kazi ile. Alipokuwa akifanya kazi aliimba, na sauti hakuwa nayo, mwanangu, aliimba vibaya wallahi, mpaka wenzake wakimtupia vitambaa anyamaze. Siku moja aliletewa pipa lililotoboka ili alizibe. Alimuuliza aliyelileta kama limeoshwa, mtu yule akaapa limeoshwa. Halikuwa limeoshwa. Ndani mlikuwa mmebaki mvuke wa petroli, na moto ulipogusa tundu, pipa likapasuka.

Macho yake yalinusurika kwa ajili ya ile miwani myeusi ya kazi. Shavu la kushoto na mkono wa kushoto vikaungua. Alikaa hospitali muda mrefu, kisha akaletwa huku Likoni kwa mama yake, na mimi nikiwa mke wa juzi tu, hata hina ya harusi haijanitoka kucha zote.

Mama yake, mavyaa wangu Bi Riziki, alimuuguza mwanawe kwa namna ambayo sijaiona tena. Alimlisha kwa kijiko. Alimpepea mchana kutwa asitue nzi kwenye kidonda. Alilala sakafuni miguuni pake. Mimi nikisema, "Mama, pumzika, nipe mimi zamu," hujibu, "Wewe bado mtoto, nenda kalale." Na nakwambia ukweli, bila ya mkono wa mwanamke yule, mume wangu asingeamka.

Aliamka. Ngozi ikafunga. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki vimekunjika kuelekea kiganjani, vingine vikawa vizima. Akaanza kwenda msikitini kwa miguu yake. Lakini nyumbani mambo hayakubadilika. Akiinuka kuteka maji, ndoo ilichukuliwa mkononi mwake. Akitaka kwenda kutembea, anaambiwa jua kali, ngozi yako bado changa. Samaki alitolewa miiba kabla ya kuwekewa. Naye hakubisha. Kila aliloambiwa alisema, "Haya, Mama," akarudi kitandani. Hilo ndilo lililonitisha mimi kuliko kovu la shavuni. Nikiwasha stovu ya mafuta ya taa, ule mshindo mdogo wa moto kushika ulimtoa nje ya nyumba. Nikaiweka stovu kando, nikarudi kupikia kuni.

Basi gari likakaa uani. Bakari alilipita bila kulitazama. Lakini mchana mmoja, Bi Riziki amejinyoosha, mimi niko jikoni napepeta mchele, nikamwona kupitia dirishani amechuchumaa kando ya gari. Aligonga bati kwa kifundo cha kidole, akategesha sikio. Akasogea, akagonga tena. Baadaye aliniambia kwamba bati zima hulia, na bati lililoliwa na kutu hunyamaza. Mimi siku ile sikujua hayo. Niliona tu uso wake, nikaona kwamba anafikiri. Nilirudi nyuma kimya kimya, hata ungo nikauweka chini usifanye sauti.

Siku zilizofuata alitafuta nyundo ndogo. Akawa anagonga na kuparura, vumbi jekundu likimwangukia miguuni. Na hapo ndipo mama yake alipoamka akamkuta.

"Bakari! Watenda nini? Utajikata, mwanangu, utaingiwa na sumu ya kutu!"

Akaichukua ile nyundo. Mume wangu, mwanamume mwenye ndevu, aliiachia kama mtoto aliyekutwa na kisu. Akasema, "Haya, Mama." Akaingia ndani, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Jioni yake Mjomba Mwinyi alikuja kunywa kahawa. Aliliona gari limeparurwa ubavuni, akatabasamu, kisha akauliza, "Amefikia wapi?"

Bi Riziki alisema, "Hajafikia popote. Na hilo gari lako ulisukume urudi nalo, Mwinyi. Nimekwisha kulijua shauri lako."

Mjomba alikiweka kikombe chini taratibu. "Dada, kijana amepona."

"Hukumwona walivyomleta wewe!"

"Nilimwona. Mimi ndiye niliyemshika upande wa kichwa kumtoa kwenye feri, umesahau? Nilimwona alivyokuwa, nami namwona alivyo sasa. Kijana amepona, dada. Wewe ndiwe ungali wamuuguza."

Bi Riziki alianza kulia. Hakulia kwa hasira. Alilia kama mtu aliyechoka kushika kitu kizito na hajui atakitua wapi. Akanigeukia mimi ghafla. "Wewe mkewe, wasemaje? Wataka arudi kwenye moto ule?"

Mwanangu, kuwekwa kati ya watu wazima wawili si jambo dogo. Siku zile mke mgeni hakuwa na kauli mbele ya mavyaa. Nilijibu, "Abee, Mama." Kisha nikasema lililokuwa moyoni.

"Mama, hata mimi naogopa. Naogopa sana. Lakini niliolewa na mtu aliyekuwa akiimba kazini mpaka watu wakamkataza. Huyu tuliye naye haimbi, Mama. Hata kukasirika hakasiriki."

Mjomba alimaliza kahawa yake akaaga. Bi Riziki alikaa pale barazani mpaka adhana ya magharibi ikaadhiniwa, akainuka akaswali, akakaa juu ya msala muda mrefu. Asubuhi yake aliitoa nyundo chini ya kitanda alikoificha. Alimwendea mwanawe, akaiweka mbele yake karibu na kikombe cha chai, akasema maneno haya tu: "Bakari, mjomba wako hana gari."

Kazi ikaanza. Jambo la kwanza Bakari alilolifanya lilikuwa kulitoa tangi la petroli. Mjomba alisema ametoa mafuta yote, tangi kavu. Bakari alimsikiliza kwa heshima, kisha akalibeba mwenyewe mpaka nje ya ua, akaliosha kwa maji ya moto na magadi, akarudia, akalijaza maji mpaka juu, akaliacha huko mbali. Akatoa viti na kila kinachoshika moto. Akaniambia nipange ndoo za maji na za mchanga. Neno la mtu kwamba kitu kimeoshwa halikumtosha tena maishani, na sikumlaumu.

Kisha akaanza kukata. Hapo Mjomba alipata taabu. Alidhani tundu litazibwa kwa kiraka, yakaisha. Kila siku akija anakuta tundu limekuwa kubwa zaidi, mpaka ukawa waweza kusimama ndani ya gari na miguu iko ardhini. Kuku wetu walipita humo.

"Bakari, baba, watengeneza au wabomoa?"

"Mjomba, hapa hakuna pa kushikia," Bakari alimwambia, akambonyezea bati kwa kidole likavunjika kama mkate mkavu. "Kiraka nitakichomelea kwenye nini? Lazima nikate mpaka nifike penye bati zima. Nikiona panang'aa, hapo ndipo nitakaposimama."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu pipa lipasuke kumsikia akitoa maneno mengi hivyo kwa mfululizo.

Kulikuwa na tatizo la mkono. Ule waya wa kuchomelea hushikwa kwa kushoto, na vidole vyake vilivyokunjika havikuweza kuutuliza. Alijaribu bila moto, waya ukamponyoka, akajaribu tena, ukamponyoka. Nami cherehani nilikuwa naijua tangu kwa mama yangu. Nikachukua ngozi ya begi kuukuu la Mjomba nikashona glovu yenye kitanzi cha kupitishia waya. Ya kwanza ilimbana, aliivua kwa meno. Ya pili nilimpima mkono, nikaushika ule mkono wenye kovu juu ya mapaja yangu, nikaupitisha uzi kila kidole. Hakuwa ameniachia kuushika tangu atoke hospitali. Glovu ya pili ilimkaa.

Tajiri wake wa Changamwe alipopata habari alimwazima mitungi ya gesi na tochi, vikavushwa kwa feri juu ya mkokoteni. Ikafika siku ya moto. Tulisimama mbali kama alivyotuamuru, mimi na Bi Riziki kwenye mlango wa jikoni, Mjomba karibu na ndoo za mchanga. Bakari alivaa miwani yake, akafungua gesi, akawasha. Tochi ilitoa mshindo, kama zote zinavyotoa.

Aliifunga hapo hapo. Akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha banda la kuku, mgongo umetuelekea. Nikaanza kumwendea, maana ni nani angeweza kutazama tu? Lakini leso yangu ikavutwa kwa nyuma. Alikuwa Bi Riziki.

"Mwache," alininong'oneza.

Nikamtazama sikuamini. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa anataka kumkimbilia kuliko mimi. "Mwache, mwanangu. Akitutaka atatuita."

Tulisimama pale. Ule ulikuwa muda mrefu kuliko wote niliowahi kusimama. Mjomba aligeuka akajifanya anachunguza mchanga kwenye ndoo. Mwishowe Bakari aliinua kichwa, bila kugeuka akaita, "Mama, nipatie maji ya kunywa." Bi Riziki alimpelekea, akasubiri kikombe, akarudi nacho. Hakumwambia pole wala hakumwambia aache. Bakari akainuka, akarudi kwenye mitungi, akawasha tena. Tochi ikatoa mshindo. Safari hii hakuifunga.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Mshono wa kwanza aliuharibu, moto ukatoboa bati, akaukata wote akaanza upya. Alichomelea kidogo mbele, akahamia nyuma, kisha kati, kwa sababu bati likipata joto sana mahali pamoja hupinda. Kila mara alisimama kuusukuma waya kwenye kitanzi. Kuna siku alirudi ndani amekasirika, akasukuma sahani, akasema chakula hakina chumvi. Bi Riziki na mimi tulitazamana, tukashindwa kuzuia kicheko. Mtu wetu alikuwa amerudi na makali yake.

Sakafu ilipokamilika aliipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akalala chini ya gari akalipaka lami tumbo zima. Akamwita mjomba wake alale chini naye atazame. "Mjomba, usiwe unapangusa juu tu. Uinamie na huku." Mzee wa watu alilala mchangani na kanzu yake, akatazama, akasema, "Nimeona, baba. Nimeona."

Siku ya kulijaribu, majirani walijaa uani, na Mwanahalima alikuja na mtoto wake mgongoni. Mjomba alitia moto gari, likanguruma. Akafungua mlango wa nyuma. "Haya, nani apanda?" Watu wakatazamana. Kila mmoja alikumbuka mguu wa Mwanahalima. Bakari alisimama kando, glovu mkononi, ameangalia chini. Nami nilikuwa tayari kupiga hatua.

Bi Riziki alinitangulia. Alitoka ndani amevaa buibui lake la kwendea harusini, amejifukiza udi, akapita katikati ya watu bila kumsemesha mtu. Akapanda nyuma, mahali pale pale palipokatika. Akainua miguu yote miwili, akaikanyaga sakafu kwa nguvu zake zote, mara ya kwanza, mara ya pili. Sakafu ilijibu kwa sauti ya chuma kizima.

"Mwinyi," alisema, "nipeleke feri."

Walikwenda, wakarudi. Watu wakapiga vigelegele. Bi Riziki akashuka, akajitengeneza buibui, akamwendea mwanawe, na sote tukadhani atamkumbatia. Alimtazama tu usoni, lile shavu lenye kovu, akasema, "Kesho uamke mapema. Feri ya asubuhi hujaa watu, utachelewa Changamwe."

Akaingia ndani akafunga mlango. Sisi tuliobaki uani tulimsikia akilia, na hakuna aliyebisha hodi.

Bakari alirudi kazini, akafanya kazi hiyo hata baada ya uhuru, mpaka nguvu zilipomwisha kwa uzee, Mungu amrehemu. Gari la Mjomba lilibeba wagonjwa kwa miaka mingi.

Mwanangu, ninakusimulia haya kwa sababu nawe utauguza mtu. Kama si mzazi atakuwa mwenzako, au mtoto, au rafiki aliyevunjika kwa namna yake. Muuguze kwa moyo wote. Lala sakafuni ikibidi, na usihesabu. Lakini utazame siku atakapoanza kugonga kitu kwa kidole akitegesha sikio. Siku hiyo ndoo mrudishie, nyundo mrudishie, na samaki mwache atoe miiba mwenyewe. Utaogopa. Mimi niliogopa, na Bi Riziki aliogopa kuliko sisi wote, naye ndiye aliyenifunza kwamba kusimama mlangoni ukamwacha mtu ainuke mwenyewe nako ni kumpenda, tena ni kugumu kuliko kumpepea. Na wewe ukiwa ndiye uliyeuguzwa, usikasirike kwa kunyang'anywa nyundo. Omba maji, unywe, uinuke, uwashe tena. Waliokuzuia walikuwa bado wanakuona ulivyoletwa siku ile.

Mwenyezi Mungu akupe mikono ya kuuguza na moyo wa kuachia. Akulinde na moto, aujalie mlango wako usikose wa kukubishia kwa heri, na kila mtu utakayempenda akae nawe katika afya yake, si katika ugonjwa wake. Amin, mwanangu, amin.